Ubishi wa Jitu la Darajani

Nilikwenda Mabatini kuandika maneno kwenye ukuta wa fundi friji. Ilikuwa kazi ya siku moja, lakini nikawa narudi pale karibu kila siku mpaka mvua za vuli zikaanza.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Mwanza baada ya kuzunguka sana. Kazi yangu ni ya brashi: maneno ya ukutani, majina ya mitumbwi, vichwa vya kupendeza kwenye milango ya vinyozi. Kazi hiyo haimweki mtu mahali. Kuta za mji zikiisha unahamia mji mwingine, na mimi nimemaliza za Musoma, Kahama, Bukoba na Nansio. Mwanza nilizaliwa, na sekondari nilisoma hapa hapa, ila niliporudi, wale niliowajua wengi walikuwa wamehama au wamekufa, na waliobaki walinisalimia vizuri tu, kama unavyomsalimia mtu anayepita. Nilipanga chumba Igogo, upande wa mawe, dirisha likitazama mabati ya watu na kipande cha ziwa. Kuna siku jua lilizama na maneno yote niliyotamka tangu asubuhi yalikuwa ya kuulizia bei ya nyanya.

Fundi alikuwa rika langu, mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu iliyokaa Mwanza tangu babu yake alipokuja na biashara ya ngozi. Fremu yake, chumba cha duka alichopanga, ilijaa majokofu ya akina mama wa samaki na friji za maduka ya soda. Nikajifunza kwamba kazi ya friji ina kusubiri kwingi. Ukishaziba panapovuja na kujaza gesi, humpigii mwenye mali simu hapo hapo. Unaweka kikombe cha maji ndani, unafunga mlango, unaiacha ingurume mpaka uone kama maji yataganda. Katika kusubiri huko fundi alikuwa anacheza gemu. Mashine yenyewe aliletewa ikiwa imekufa, mwenyewe akaitelekeza, yeye akaifufua. Runinga aliiweka juu ya jokofu bovu lililolazwa chali.

Siku ile nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nikamsikia anaitukana runinga.

"Msanii," akaniita alipoona nachungulia, "hebu shuka uone uonevu."

Nikashuka. Kwenye kioo kulikuwa na mtu mdogo mwenye upanga, amesimama kwenye mdomo wa daraja la mawe. Katikati ya daraja kulikuwa na jitu lenye nyundo. Mtu akasogea, jitu likapiga mara moja, likapiga mara ya pili, likanyanyua nyundo mara ya tatu na kuiacha hewani kama limesahau. Fundi akaingia kulichoma. Nyundo ikashuka.

"Umeona? Pigo la tatu linachelewa makusudi."

"Mtu wako ni dhaifu," nikamwambia. "Mrudishe nyuma ukampandishe levo."

Akaniangalia kama niliyemtukania mama.

"Nimpandishe levo ili iweje? Nije nilipige jitu likiwa kuku?"

"Ili ushinde."

"Hapo atakuwa ameshinda huyu mtu wa kwenye runinga, siyo mimi."

Hivyo ndivyo ubishi wetu ulivyoanza. Rangi ilinikaukia kwenye kopo na maneno ya ukutani nikayamalizia kesho yake. Kesho kutwa yake nilirudi bila kisingizio chochote, nikamkuta amegeuza kreti la pili la soda na kuliweka mbele ya runinga. Hakusema ni la nani. Nikakaa.

Kwa asiyezijua gemu za aina hii nieleze kidogo. Mtu wako anaanza akiwa hana kitu. Kila adui unayemwangusha anakupa pointi, na pointi hizo unazigawa mwenyewe: unaweza kumwongezea damu, ili asife upesi, au nguvu ya silaha, au mbio. Halafu kila baada ya safari fulani kuna bosi amekaa njiani, na humpiti bila kumwangusha. Ubishi wote wa dunia kuhusu gemu hizi uko hapo: bosi akikushinda, ulaumu vidole vyako, au urudi ukamkuze mtu wako?

Sheria zetu zilijitunga zenyewe. Ukifa, unamwachia mwenzako pedi ya kuchezea. Pointi haziwekwi mpaka wote tukubaliane. Na fundi akienda kuswali adhuhuri, jitu haliguswi. Nilikuwa nabaki peke yangu na yule mtu wetu kwenye mdomo wa daraja, majokofu yakinguruma nyuma yangu, tukimsubiri fundi. Kusubiri mtu ninayejua atarudi kulikuwa kitu kigeni kwangu, na nilikupenda.

Msimamo wangu ulikuwa kwamba gemu yenyewe imeweka ngazi. Aliyejenga ngazi alitaka zipandwe. Nyuma kidogo kulikuwa na kinamasi chenye viumbe kama vyura, rahisi kuwaua, na ukikaa pale asubuhi nzima unatoka na pointi za kutosha kumwongezea mtu damu mara mbili.

"Unaua vyura asubuhi nzima," fundi akasema, "ili uje umwonee mzee wa watu darajani. Huoni haya?"

"Mzee wa watu ametuua tangu wiki iliyopita."

"Kwa sababu hatujamsoma. Sisi tumekulia gemu za kaseti, msanii. Mle ndani mtu hakui. Anaanza na maisha matatu, anamaliza na maisha matatu. Anayekua ni wewe uliyeshika pedi."

Hapo alinigusa. Nilikumbuka sebule ya jirani yetu, watoto tumejazana sakafuni kwenye zulia, umeme ukikatika tunaanza upya na hakuna anayelalamika. Lakini nilishapita arobaini, na miji niliyoishi niliianza yote upya, sina ninachokibeba kutoka mmoja kwenda mwingine zaidi ya sanduku la brashi. Nilitaka, hata kwenye runinga, kuona kitu kinaongezeka na kubaki kimeongezeka.

"Na kama mimi sikui?" nikamuuliza.

"Basi nipe pedi," akasema.

Kuna mama mmoja wa samaki, mwenye jokofu kubwa kuliko yote pale, alikuwa akija kuliangalia na kukuta tumekaa. Siku moja alisimama nyuma yetu muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nyie wazee. Hivi mkimuua huyo mnapewa nini?"

Fundi akafikiri. "Tunapita, mama."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa mwingine."

"Mdogo wake?"

"Mkubwa zaidi."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ni kama mikopo ya vikoba," akasema. "Haya, maji yangu yameganda?"

Yalikuwa hayajaganda.

Kulikuwa na njia ya tatu pia. Pale pembeni ya daraja palikuwa na alama inayowaka, na ukiigusa anatokea msaidizi, askari wa mashine yenyewe, anapigana pamoja na wewe. Nilitaka tumwite. Fundi akakataa katakata. Alisema ukimwita mwenzako, na jitu linaongezewa damu, kwa hiyo faida ni ya macho tu.

"Lakini hutakuwa peke yako pale," nikasema.

"Peke yangu kivipi?" akauliza bila kutoa macho kwenye kioo. "Si tuko wawili tayari?"

Niliyabeba maneno hayo mpaka Igogo, nikala nayo.

Halafu mwenye fremu akataka fremu yake. Fundi alikuwa na nyumba Kiseke, haijapigwa plasta lakini ina uwanja wa kuweka majokofu, akaamua kazi ahamishie huko. Alinieleza huku akifungua kompresa, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwisho wa wiki anahama. Mimi nilikuwa nimeshika pedi. Mtu wetu akafa hapo hapo bila hata kuguswa na jitu. Nilimtembeza mpaka akadondoka darajani.

Tangu siku hiyo ubishi wangu ukawa mkali kuliko kawaida. Nilimwambia turudi kinamasini, haraka ya nini, jitu halihami. Nilitoa hoja nzuri, nyingine sikuwahi kuzifikiria kabla. Ndani yangu nilijua hesabu ninayoipiga: vyura wale wangekula wiki nzima, na wiki isingetosha, na pengine angesema basi njoo Kiseke tumalizie. Nilikuwa sina mahali pengine Mwanza ambapo mtu angeweza kuniambia "wewe hujui kitu" kwa furaha.

"Hapana," fundi akasema. "Huyu anafia Mabatini."

Siku ya mwisho majokofu yalikuwa yameshapakiwa kwenye Fuso, limebaki lile lililolazwa chali na runinga juu yake. Fundi akafa mara kadhaa, akanipa pedi. Nikaingia darajani bila matumaini yoyote. Jitu likapiga moja, nikakwepa. La pili, nikakwepa. La tatu likakaa hewani, na mimi nikakaa. Sikusogea. Lilipopita sikioni mwa mtu wetu niliingia nikachoma, nikatoka. Tukaenda hivyo. Nyundo ikawaka moto, nikakwepa moto. Damu ya jitu ikashuka mpaka ikabaki kama ukucha.

Hapo nikapata nafasi ya kufikiri. Ningesimama tu, nyundo ingenimaliza, na tungekuwa bado na deni darajani. Nadhani vidole havikunisubiri. Vilikuwa vimeshajifunza, vikapiga.

Fundi alipiga kelele mpaka dereva wa Fuso akashuka. "Hatukuongeza hata pointi moja!" alikuwa anawaambia watu wa barabarani wasiojua lolote. "Huyu huyu mbishi! Kamuua kwa vidole!" Akanikumbatia. Jitu lilituachia pointi nyingi, nyingi kuliko zote tulizowahi kupata, na kabla hatujagawa dereva akasema anaondoka. Tukahifadhi, tukachomoa waya. Nikashika upande mmoja wa runinga, yeye mwingine.

"Jumapili njoo Kiseke," akasema toka dirisha la Fuso.

Nilikwenda. Nilinunua mkate na machungwa, nikavaa shati la mikono mirefu. Mkewe alinipokea mfuko wa machungwa kwa mikono miwili, akaniita shemeji. Mabinti wawili wakaja kunisalimia, shikamoo, nikaitikia marahaba, wakaenda kukaa wakinitazama. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi. Wali na sato vikaletwa, na fundi, aliyekuwa amevaa kanzu, alinikaribisha kila tonge kana kwamba hajawahi kuniona nikila mihogo ya kukaanga na mikono yenye rangi.

Baada ya kula akawasha mashine. Mtu wetu alikuwa pale pale, ng'ambo ya daraja, mahali tulipomwacha.

"Sijazigusa," fundi akasema, akanionyesha pointi. Macho yake yalikuwa yanacheka, anangoja vita. "Mimi nasema zote kwenye silaha. Zote. Damu hatuongezi."

Ilikuwa hoja mbovu. Nadhani aliichagua kwa ubovu wake. Bosi anayefuata tulishasikia anapiga kwa mbali. Kwenda kwake na damu ile ni kujiua. Maneno yote yalinijia mdomoni. Lakini mkewe alikuwa ameketi pale akinimenyea chungwa, mabinti wanatazama, na mimi nimetoka kula chakula cha mtu. Mgeni hamwambii mwenye nyumba mbele ya watoto wake kwamba hajui kitu.

"Ni sawa," nikasema. "Weka kwenye silaha."

Fundi akageuka. "Unakubali?"

"Umesema vizuri."

"Hubishi?"

"Sibishi, fundi. Ni sawa kabisa."

Akaendelea kuniangalia kidogo, kisha akaweka pointi moja moja, polepole, akiniachia nafasi kila baada ya mbofyo. Sikuitumia. Alipomaliza alinipa pedi, nikacheza, nikafa, nikamrudishia. Aliniambia "pole". Mabatini hakuwahi kuniambia pole.

Alinisindikiza mpaka barabara ya lami. Njiani tulizungumzia bei ya saruji. Bodaboda ilipokuja akasema, "Ile ya silaha nilikuwa natania."

"Najua," nikasema.

"Sasa mbona uliniacha?"

Binti yake mdogo alikuwa anakuja mbio, ameagizwa kuniletea begi langu nililolisahau. Nikalipokea, nikamshukuru, nikapanda.

Jumapili iliyofuata nilipata kazi ya mitumbwi Sengerema, nikavuka ziwa. Sikulazimika kwenda siku hiyo hasa. Nimekaa huku tangu wakati ule. Mitumbwi ni mingi na wenyewe wanapenda majina marefu. Juzi mchana nilikuwa nimekaa kivulini mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikisubiri rangi ikauke, simu ikaleta ujumbe wa sauti wa fundi. Alisema amempita yule bosi wa mbali. Alisema amempita kwa silaha tupu, bila damu, na kwamba yeyote anayesema damu ni muhimu hajui gemu. Kisha, kwenye ujumbe ule ule, nikasikia jokofu linanguruma, kabla hajakata.

Niliusikiliza tena. Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, na watu wa mwaloni wakanigeukia kuona nani anataka kusema, nikakiachia.

Nikaandika: "Hongera sana, fundi."

Akanijibu kwa kidole gumba.