Nchi Aliyoichagua Bahati

Siku yangu ya kwanza kwenye fromajeri ya Karuba, pale tunapotengeneza jibini tunayoiita fromaji, nilimnyooshea mkono Papa Gérant, msimamizi wetu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akaukataa.

"Hapa hatupeanake mikono," akasema. "Mikono iko ya maziwa."

Nilikasirika sana, maana kwetu Masisi mtu asiyesalimu ni mchawi au ana kiburi. Baadaye nilielewa. Ukishika mikono ya barabarani, kisha ukatia ya kwako ndani ya kaye, yaani maziwa yaliyogandishwa kwa dawa tunayoiita prezire, fromaji itaharibika kabla ya kufika Goma.

Kutoka Karuba walinituma Ngungu, ambako barabara hukufundisha kusali, kisha Ntoto kule Walikale, kuwauzia fromaji watu waliosema inanuka miguu. Niliporudi Karuba nilikuwa chef mwenyewe, mkuu wa fromajeri, na nikamkuta Bahati.

Bahati alikuwa mwanaume mzima, hana mke, hatazami mtu usoni, hataki kuguswa. Kijijini walisema amelogwa. Daktari mmoja wa Goma alimweleza dada yake kwamba ni otisme, yaani usonji: amezaliwa hivyo, si ugonjwa wa kutafutia dawa. Kwangu alikuwa fundi bora. Fromaji hugeuzwa kila siku kwenye mbao ili maji yasikae upande mmoja, kazi iliyowachosha wengine wote. Yeye aliifurahia, na hakuna aliyemdai salamu.

Vita viliposogea, milio ya bunduki ilimmaliza. Aliziba masikio, hakula, hakulala. Tuliona wazi kwamba akibaki tutamzika. Kaka yake alimwita Kampala. Akaenda, akarudi upesi: pikipiki, redio, majirani wanaoingia bila hodi.

"Uganda hapana," akasema, akavaa botte zake za mpira, akaingia kazini.

Ndipo dada yake, aliyekuwa amehamia Kanada, akamfungulia njia ya kwenda huko. Mimi niliogopa. Maskini huyu atakufa kwa upweke, nikasema, bora tumtafutie kwingine. Nikamwomba Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyenunua fromaji zetu na aliyewahi kumtembelea mwanawe kule, amwambie ukweli wote.

Mama akakaa kwenye ndoo, akaanza. Kule jirani anakaa mlango kwa mlango nawe na hajui jina lako. Ndani ya basi watu wote kimya. Hata kwa mtoto wako wa kuzaa huendi bila kupiga simu kwanza. Mama wa watu alisimulia akikaribia kulia.

Bahati akaacha kugeuza fromaji, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Na habakasirike?" akauliza.

"Bakasirike nini, mwanangu?"

"Ukipita bila kusalimia."

"Hapana. Njo desturi yao, ndiyo tabia ya kule."

"Basi kule njo kwetu," akasema, akaendelea na kazi.

Mama Kahindo akanitazama. Mimi nikacheka mpaka machozi, na machozi yenyewe yakakataa kukoma.

Sasa nimepumzika kazi, na vijana wakiniuliza nani alikuwa hodari kupita wote, nawatajia Bahati. Sisi wengine tulipewa nchi pamoja na jina. Yeye alizionja, moja akaikataa, nyingine akaichagua, na hakumwomba mtu ruhusa.

Juzi dada yake alinipigia kutoka Kanada, akampa simu. Bahati hapendi simu.

"Chef, huku nalala," akasema, akakata.

Nilibaki nimeishika ile simu, nikaiombea baraka nchi ambayo sitaiona.