Ndimu kabla ya Salamu

Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa ufukweni Kibirizi kununua dagaa. Ziwa lilitulia kama linalosinzia, na dagaa walioanikwa mchangani waling'aa hata mtu asijue maji yanaishia wapi. Mama mmoja mchuuzi alikuwa akiwageuza, ndipo mkamwana wake alipowasili kutoka Simbo. Mama akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Binti akarudi nyuma.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, ni ule mzio wangu wa dagaa. Wakinigusa tu, navimba mpaka macho."

"Mzio gani?" mchuuzi jirani yake akadakia. "Huyo anaringa! Kwetu mkwe hasalimiwi kwa mbali."

Mama alivua kanga ya juu iliyojaa shombo, akateremka majini, akajisugua kwa sabuni, kisha kwa ndimu. Akanusa viganja, akasugua tena.

"Utajichubua, shoga!"

"Na nijichubue. Dagaa nawashika kila siku. Huyu nataka kumshika leo."

Akapanda, mikono ikichuruzika maji. Safari hii binti alipiga goti, akaishika yote miwili, wala hakuiachia upesi. Sote tukayatazama macho yake, hata jirani. Hayakuvimba; yalilowa tu.

Katika ukarani wangu nimeziona taratibu nyingi za heshima, ila hii ya ndimu ilikuwa ngeni kwangu. Nilipita kando na furushi langu, nikavua kofia.

"Mzee, mbona salamu za mbali?" mama akauliza.

"Nimebeba dagaa," nikajibu, "na ndimu umezimaliza."