Alama ya Kuuliza ya Osbert

Kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, watu wa kijiji cha Aldercote huhesabu kila chenye mabawa, kisha hula keki. Hester Pargeter hajakosa tangu 1976, kiangazi kile nyasi zilipokauka zikawa rangi ya biskuti, na mumewe Osbert akarudi kutoka msituni mbio, akihema, akisema kwamba amemwona kipepeo Mfalme wa Zambarau. Hakuwa na picha wala shahidi. Clement Thripp, mtunza daftari la kijani la hesabu hiyo, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekwisha kuwa mzee kwa tabia, aliandika jina la kipepeo, akalifuatisha na alama ya kuuliza. Osbert aliishi nayo miaka thelathini na mitano, akafa nayo.

Safari hii, miaka arobaini baadaye, asubuhi walifungua mtego wa taa uliowashwa usiku kucha na kuhesabu nondo waliolala kwenye trei za mayai ndani yake. Ndege mmoja wa kifua chekundu alikula watatu. Clement hakuwafuta, maana walihesabiwa wakiwa hai.

Mchana Hester na Clement waliingia msituni, wawili tu. Mfalme huyo, pamoja na cheo chake, hashuki kutoka kilele cha mwaloni ila kwa uvundo. Hester alibeba chupa ya kamba wa baharini waliooza wiki mbili, kwa mapishi ya marehemu. Kichwani alivaa kofia ya Osbert, isiyowahi kufuliwa.

"Hester, harufu hii itatuua."

"Umeweza ubishi miaka arobaini, utashindwa na kamba?"

Alimimina njiani. Saa nzima walikuja nzi tu. Zamani Osbert angekuwa amelala kifudifudi hapo, soksi zimetoboka, akinong'ona na majani.

"Usitikisike," Clement alisema ghafla. "Yuko juu ya kofia. Anafyonza jasho la Osbert."

Hester hakuona kitu. Alisikia mkwaruzo mdogo tu juu ya sikio. Clement alipapasa akitafuta kamera. Ilikuwa mkobani, chini ya keki. Kipepeo akaruka.

"Picha unayo?"

"Sina."

"Shahidi?"

"Si ulikuwepo!"

"Nilikuwa chini yake, Clement. Kanuni ni kanuni."

Clement alifungua daftari lile lile la kijani, akaandika: Mfalme wa Zambarau, mmoja. Akasita. Akaweka alama ya kuuliza. Kisha akarudi nyuma hadi 1976, akatoa kifutio, akaisugua taratibu alama ya Osbert.

"Kumbe ilikuwa ya penseli," Hester alisema.

"Siku zote."

Hester akamkatia kipande kikubwa cha keki, ingawa hapo awali hakutaka kumpa.