Chumvi ya Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomkuta baba yangu amesimama mlangoni, ameegemea fimbo, blanketi lake amelitupia begani kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Alinitazama kwa adabu kubwa, kama mtu anayemtazama mwenye nyumba.

"Aksanti sana, Papa," akaniambia. "Mumenilisha muzuri. Sasa niache niende kwetu. Watoto wangu watanitafuta."

Alikuwa kwake. Mlango ule niliujenga mimi, lakini shamba lililokuwa mbele yake alilifyeka yeye kabla sijazaliwa. Na "Papa" aliyekuwa akimshukuru ni mimi, mtoto wake wa kwanza.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Kwenye kilima chetu, juu kidogo ya Kirolirwe, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuleta diploma. Sijisifu, waulize waliokuwapo. Nilitoka na shati moja, nikasoma ufundi wa motere, yaani injini, kule Bukavu, ada nikiilipa kwa kuosha malori ya wenye mali. Kisha nikapata kazi Walikale, katika machimbo. Huko niliweza kuweka sikio kwenye motere na kusema ugonjwa wake kabla haijafunguliwa, na nikisema sikukosea. Nilirudi nyumbani na pikipiki, redio, na bati za kutosha nyumba nzima. Hakuna mjomba aliyenisaidia hata kwa msumari.

Nilirudi kwa sababu baba alianguka shambani akipalilia maharage. Kiharusi. Upande wa kuume ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, lakini akili ilibaki. Tulimbeba kwa machela hadi zahanati, na mganga wa pale, mtu mpole mwenye koti lililochanika mfuko, akanieleza wazi: "Mupunguzie chumvi na mafuta. Mumupe mboga, maharagi, samaki mubichi kama munapata. Na musimuache akae bure tu. Akili iko kama mukono, isipotumika, inalala."

Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema: huyu anatoa ushauri wa watu wasio na kitu. Mboga na maharage? Baba wa mtu mwenye diploma?

Hapa lazima nikueleze jambo, mwanangu, maana ninyi mnanunua chumvi kama mnavyookota kuni. Katika utoto wangu, chumvi ilikuwa heshima. Baba alikuwa akishuka na mzigo wa maharage kichwani mpaka soko la Sake, na jioni ya pili akipanda na chumvi kidogo imefungwa kwenye jani la mgomba. Chumvi ile haikuguswa. Ilining'inizwa juu ya moshi, ikimngoja mgeni. Sisi tulikula maharage yetu na lengalenga, mchicha wa shambani, bila chumvi, na mgeni akija, sufuria yake ilitiwa chumvi, nasi watoto tukalamba mwiko. Nilijiapia nikiwa na umri huo: siku nitakapokuwa mtu, baba yangu atakula kama mgeni kila siku.

Nikawa mtu, na kiapo nikakitimiza. Nilimtoa jikoni alikozoea, nikamweka sebuleni kwenye kiti chenye mikono, na sahani yake peke yake. Nilimletea nyama ya porini ya Walikale iliyokaushwa kwa chumvi, mafuta ya mawese mekundu, samaki wa makopo, mkate mweupe kutoka Goma, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Majirani walipopita niliwaita waone. Alipojaribu kunyoosha mkono wa kushoto amenye maharage, niliuzuia. "Pumzika, Baba. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Akapumzika. Kwanza aliacha kuuliza habari za shamba. Kisha miguu ikavimba. Siku moja akashikwa tena, kidogo tu, kama mtu aliyekatiwa neno, na kuanzia hapo majina yakaanza kumtoka. Mimi nikaongeza nyama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilivunjikia kwa baba yangu, na hilo linauma zaidi.

Basi, turudi asubuhi ile ya blanketi. Nilimrudisha kwenye kiti kwa maneno ya kubembeleza, kama unavyomrudisha mtoto wa mtu mwingine. Siku hiyohiyo, namshukuru Mungu, akaingia shangazi yangu Mapendo, dada yake baba, aliyeolewa Shasha kando ya ziwa. Alikuja kwa miguu, kikapu cha samaki kichwani, hasira yake akiwa ameitanguliza.

Hakunisalimu. Alikaa karibu na kaka yake, akamsikia akiomba tena kwenda kwao, akachukua tonge kutoka sahani yake, akaonja, akalitema kwenye kiganja.

"Nani alipika hii?"

"Mimi ndiye niliyeagiza, Shangazi. Ni nyama ya Walikale."

"Nimekuuliza nani anataka kumukausha muzee huyu kama nyama."

Nilimweleza kuhusu heshima. Nilimweleza kuhusu bati, kiti, na sahani. Nadhani hata diploma niliitaja. Akaniacha nimalize, maana mwenye hasira ya kweli hana haraka.

"Motere ya muzungu ikilia vibaya unasikia," akasema. "Baba yako analia miezi mine na haujasikia. Anasema yeye iko mugeni. Si ni wewe umemwambia? Sahani yake pekee, chumvi ya wageni, kazi hapana. Tulifundishwa nini sisi? Mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Wewe, hata jembe haujamupa."

Baba akaangua kicheko kidogo upande mmoja wa mdomo. "Huyu mama anasema kweli," akaniambia. "Iko mama wa wapi?"

Shangazi aligeuza uso. Ndiyo mara pekee niliyomwona akifuta macho.

Hakuondoka kwa wiki sita. Alimrudisha baba jikoni, kwenye kigoda chake kando ya mafiga, akampa nafasi kwenye sahani moja na sisi. Alipika maharage, lengalenga, maboga, na samaki wabichi waliopandishwa kutoka ziwani siku za soko. Chumvi aliitia kwa ncha ya vidole viwili na kufunga kopo. Mawese aliyapima kwa kijiko. Sukari aliifunga ya kupeleka kwake Shasha, akasema itamfaa mume wake ambaye haimdhuru. Jioni alimshika kaka yake mkono, wakatembea mpaka kwenye mipaka ya shamba na kurudi.

Na kila asubuhi alimwekea ungo wa mbegu mapajani. Nyumbani kwetu maharage ya mbegu hayaitwi kwa rangi; yanaitwa kwa watu. Zile nyeusi ndogo ni za Bibi. Zenye madoa ni za Mukwe, maana marehemu mama alikuja nazo siku ya kuolewa. Za njano ni za Sake, baba alizibadilisha sokoni kwa mkungu wa ndizi. Kuchambua mbegu kwetu ni kuwaita wazee wako mmoja mmoja.

Siku za kwanza alizichanganya zote. Shangazi alizimwaga upya bila kumkemea. "Hii ni ya nani, kaka?" Akaitupa tena ungoni. Kesho yake tena. Nami nilikaa kando, fundi mwenye diploma, nikitambua kwamba hata mimi nusu ya majina yale sikuyajua. Kisha siku moja akashika mbegu yenye madoa, akaigeuza kwenye kiganja muda mrefu, akasema jina la mama yangu.

Sitakudanganya, mwanangu. Mkono wa kuume haukurudi. Kuna majina yaliyokwenda moja kwa moja, na hakuna mboga inayoweza kuyafuata. Lakini miguu ilipungua uvimbe, macho yakaamka, na hakuomba tena kwenda kwao.

Mvua za kupanda zilipofika, tukafanya kama desturi: mkubwa wa nyumba anagawa mbegu kwa kila mtoto wake. Nilikuwa na hofu. Niliogopa atanipita, maana mgeni hagawiwi mbegu. Alianza na wadogo zangu, polepole, akitafuta majina yao kama mtu anayetafuta sindano, akayapata. Alipofika kwangu akasimama. Akanitazama toka viatu mpaka usoni.

"Na wewe," akasema, "mutoto wangu wa Bukavu. Chukua za Bibi, zinavumilia mvua." Akaniwekea kiganjani. Halafu akaongeza, na ule upande wa mdomo ukacheka: "Lakini usizitie chumvi."

Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeinama nazihesabu mbegu, ili nisionekane uso.

Diploma ile bado ipo ukutani, ukija nitakuonyesha. Lakini nasaha yangu ni hii. Mzee wako akipigwa na kiharusi, usimheshimu kwa chumvi na mafuta. Mheshimu kwa mboga za shamba lake, maharage yake, samaki mbichi, na miguu yake ikitembea kila siku kadiri inavyoweza. Msikilize mganga hata kama koti lake limechanika. Na usimnyang'anye kazi. Mpe ungo, mpe majina, muulize asubuhi lile ulilomuuliza jana. Mwili hulishwa kwa sahani. Akili hulishwa kwa kuhitajiwa.

Mungu akupe wazee watakaokujua mpaka mwisho. Na siku yako ikifika, ukae jikoni kwako, ungo mapajani, na asitokee mtoto wa kukufanya mgeni.