Walikula aluru wa marehemu mume wangu, wakaniachia yule bubu

Habari za humu wakuu. Leo nasema ukweli mtupu, na wahusika nitawataja. Shule niliachia darasa la nne, mkikuta makosa rukeni tu.

Mimi ni mtu wa Katito, nikaolewa karibu na Usenge. Miaka ya tisini mwanzoni mume wangu Okelo alikuwa anatega aluru, wale kware wadogo wa kwenye mtama.

Kwa wasiojua: aluru hafukuzwi, anaitwa. Unafuga madume kwa vikapu, unavitundika kwa mti mrefu, kimoja juu ya kingine. Alfajiri wanaimba, wa porini wanakuja kuwatafuta, wananaswa na vitanzi kwa nyasi.

Hao wa kuita hawaliwi. Ni kama kula jembe lako.

Okelo alikuwa nao wanane. Saba walikuwa na sauti. Wa nane, wa kikapu cha chini kabisa, hakuwahi kuimba, na jicho moja halikuwepo.

Mara nyingi nilimwambia, "Baba Akinyi, huyu tumchemshe tu."

Anacheka. "Mwache. Ako chini ya wakubwa."

Sikuelewa.

Okelo akafa kwa homa. Siku ya pili baada ya mazishi, ndugu yake Ochieng' akashusha vikapu, eti wageni wanataka nyama.

"Shemeji, hao ndio wanaita wengine!"

"Basi leo wameitwa wao!" Wanaume wakacheka. Ami yao, Mzee Ombogo, mkubwa wa boma, alikuwa ameketi hapo hapo. Aliuliza tu kama chumvi iko.

Niliwapika mwenyewe. Aluru akinona hahitaji mafuta ya duka, anajikaanga kwa yake, mifupa inavunjika kwa meno. Nilikuwa nalilia ndani ya sufuria.

Yule bubu wa kikapu cha chini, Ochieng' alimgeuza geuza, akamrudisha kikapuni. "Huyu hana nyama. Mwachieni mjane, wanafanana."

Halafu akasema mtama ukivunwa kama bado siwezi kulisha wasichana wangu wawili, nirudi Katito, watoto wabaki kwake. Mzee Ombogo akasema ni sawa.

Nilibakiziwa vichwa, shingo, na mafuta yaliyoganda. Nikaenda nyuma ya jikoni nikachuma akeyo, ile mboga chungu ya saga, na kitunguu cha majani na dhania. Nikachemsha vichwa mpaka supu ikawa nyeupe, ndio nikatia majani.

Wakuu, ule uchungu wa akeyo ukikutana na yale mafuta! Akinyi alilamba mpaka mwiko. Makombo yao yalikuwa matamu kushinda nyama yao.

Siku mbili tulikula hiyo. Ya tatu, sufuria tupu. Nikategesha vitanzi vya Okelo, nikamtundika bubu juu kabisa, peke yake. Kwa hasira tu, si kwa imani.

Kabla jua litoke, akaimba.

Tatu tatu, kali, kama mtu anagonga chupa. Kukawa kimya. Halafu nyasi za upande wa ziwa zikajibu. Halafu mtama. Halafu kila upande. Mtama ulikuwa unatikisika na upepo hakuna. Niliketi kwa umande, nguo ikalowa.

Hapo ndio nikaelewa maneno ya Okelo. Wale saba wakubwa wakiwa juu yake, angeimbaje?

Asubuhi hiyo nilitoa aluru thelathini na mmoja kwa vitanzi. Nikatega hivyo kila siku, mtama ukavunwa, wasichana wako kwangu, wanakula.

Ochieng' alikuja akifuata harufu. "Shemeji, unapika nini?"

Nikampakulia vichwa na shingo, akeyo juu. "Kula, shemeji. Hii ndiyo mlinifundisha."

Alikula akiangalia chini. Sijamsamehe, wala huyo mzee.

Nililojifunza: usikubali anayekukalia juu ndiye aseme wewe ni bubu.

Wenye mmetega aluru, hebu niambieni: miaka hiyo yote chini, yule ndege alikuwa anaogopa, au alikuwa anasikiliza?