Kopo Lililobaki Nyuma ya Kochi

Mume wangu, Laban Shiundu, hakufa kwa njaa. Wala hakufa kwa ule ugonjwa ambao wanawake wa hapa mtaani Jericho, Nairobi, wanauita "hiyo kitu" huku wakiangalia chini. Alikuwa na sukari. Hospitali ilimwambia hivyo mwaka 1994, akiwa fundi mkuu katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, na yeye hakumficha mtu. Nimefundisha watoto wa mtaa huu kusoma, na wengine wao ndio leo wanaoeneza kwamba nilimnyima chakula. Nawaandikia hao.

Daktari alimkataza chai ya sukari, soda, mkate mweupe na ule mlima wa ugali tuliozoea. Mpishi nilikuwa mimi. Nilimsongea ugali wa wimbi kiasi cha ngumi, nikamjazia mboga za majani, mrenda au managu, maharagwe, siku nyingine samaki. Asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani alikaa dirishani penye mwanga, akajichoma kidole, akadondosha damu kwenye kikaratasi cha kupimia, akasubiri, akaipangusa kwa pamba. Kisha alilinganisha rangi ya kikaratasi na zile zilizochapwa ubavuni mwa kichupa. Rangi ikiwa nyepesi, alinionyesha kwa majivuno. Ikiwa nzito, aliniuliza, "Mwalimu, jana ulinilisha nini?"

"Waulize wa kantini ya kiwanda," nilimjibu.

Akacheka. Soda ya kantini alikuwa ameinywa.

Alikonda, ndiyo. Kitambi kiliisha, na kukonda miaka hii ni kama kukiri kosa. Nabiswa, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimwona dirishani akijichoma, na Jumapili habari ikaingia kanisani kabla yetu. Nilimkuta kwenye kibanda cha mboga akimwambia mwenye kibanda, "Mwanaume akikonda hivyo na anajidunga sindano, kuna haja ya kuuliza?"

"Uliza, Nabiswa," nikasema nyuma yake. "Niko hapa."

Akaanza kuchagua nyanya.

Hayo ningeyameza. Novemba 1996 shangazi yake Laban akafariki kijijini kwao Butere, na Masinde, kaka mkubwa wa Laban, akaja kumchukua waende matangani. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la nane, sikuweza kutoka. Nikaweka vidonge, vikaratasi na sindano zake za kidole ndani ya kopo la biskuti, nikampa Masinde mkononi, kwa sababu ndiye aliyekuwa anafunga mizigo.

"Shemeji, hili lisiachane naye. Na asilazimishwe kula."

"Huyu ni mtoto wa mama yangu. Unataka tumfunge mdomo nyumbani kwao?"

"Nataka arudi."

"Mwalimu wewe, hata mume unampa silabasi." Wote wawili wakacheka. Nilikwenda shuleni nikiwaacha wanacheka.

Niliporudi, kopo lilikuwa nyuma ya kochi. Halikuanguka. Lilikuwa limesukumwa hadi ukutani na kufunikwa kwa kitambaa cha kiti. Kesho yake nililikabidhi kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anasafiri kwenda huko, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, akachelewa.

Ninyi mnaosema Laban angekataa tu kula, hamjui matanga ya kwetu. Chakula kinagawiwa na nyumba ya kaka mkubwa, na anayesukuma sahani anatangaza kwamba ana neno na wenye kifo. Neno hilo halichelewi kugeuka tuhuma. Basi Laban alikula. Alikunywa chai nzito ya maziwa na sukari, akapewa ndizi, akapewa soda ya heshima kama mgeni wa Nairobi, na wazee wakamsifu kwamba mwili unarudi. Hakuwa na kidonge, wala kikaratasi cha kumwonyesha rangi. Kiu ilipomshika, wakamwongezea soda. Kopo lilifika akiwa hospitali ya wilaya, hajitambui. Alifia huko.

Kabla ya mazishi Masinde alinijia na daftari la historia ya marehemu. "Mwalimu, tuandike malaria. Malaria haina maneno."

"Kopo uliliacha kwa nini?"

Akasema, "Sindano kwenye mfuko wa ndugu yangu, mbele ya matanga yote? Watu wangesema nini?"

Nikachukua daftari. Makaburini nilisimama mwenyewe nikasoma kwamba Laban Shiundu alikuwa na ugonjwa wa sukari, kwamba chakula chake kilikuwa cha kupimwa, na kwamba aliyemlisha kwa upendo bila kuuliza alimmaliza. Sikumtaja mtu. Ni siku hiyo uvumi wa kwamba nilimshindisha njaa ulipoanza, na ulitoka kwa watu wa nyumba ya Masinde. Ndiyo maana leo nimemtaja.

Baada ya watu kutawanyika Masinde alikuja jikoni kwa mama mkwe, akafunga mlango, tukazungumza. Nabiswa ameniuliza aliniambia nini. Pasta ameniuliza. Wengine wanataka kujua kama alilia, kama aliomba msamaha, kama nilimpa. Hayo ni ya nyumba ya Shiundu. Sisemi, na asirudi mtu mlangoni kwangu kuniuliza.