Filamu Iliyozimwa Penye Utamu

Eduvina alikuwa akikanda unga wa arepa, vile vimikate vya mahindi, jirani alipokuja kumwambia kwamba kaka yake, mwalimu, amefariki. Alilia, huku akihofia roho ya marehemu isiende motoni. Kila Ijumaa mwalimu yule alitundika shuka darasani, akaonyesha filamu ya mazimwi na wachawi, kisha akaizima penye utamu, akijifuta chaki kwenye suruali.

“Mwisho umo kitabuni, wavivu nyie!” alisema kwa sauti yake ya mafua.

“Unawaingiza watoto kwenye uchawi, kaka,” Eduvina alimwambia.

“Nawaingiza kwenye kusoma, dada.”

Msibani wanafunzi walileta kitabu kinene chenye mwisho wa filamu ya Ijumaa iliyopita, wamsomee marehemu. Eduvina alikinyakua, akakinyunyizia maji ya baraka, akangoja kifuke moshi. Hakikufuka.

“Haya, someni. Akitajwa shetani, nje!”

Walisoma hadi mwisho, naye akasikiliza, rozari mkononi, asimtoe mtu nje. Jioni padri aliomba, wakambeba marehemu hadi makaburini. Eduvina akatupa udongo wa kwanza, wakamfukia.